Sanduku la Mama Opereta

Mungu alimpa Nailoni ulimi usiokwama. Shati lisilojikunja alijinunulia mwenyewe, na hilo ndilo lililompa jina. Asubuhi moja ulimi na shati vilikuwa vimekaa bila kazi kwenye meza ya dirishani, ndani ya duka la fotokopi nyuma ya hospitali kuu. Juu ya meza palikuwa na kompyuta ya kukodi na kibao kilichoandikwa MSHAURI. Mshauri wa nini, kibao hakikusema. Nailoni aliiacha nafasi hiyo wazi makusudi, ili kila mteja aijaze kwa shida yake mwenyewe.

"Leo umemshauri nani?" aliuliza mwenye duka, ambaye alikuwa akikata picha za pasipoti kwa mkasi.

"Bado najishauri mwenyewe, kaka."

"Na unasikia?"

Nailoni alikuwa na jibu zuri, lakini mlango ulifunguliwa kabla hajalitoa. Akaingia mama mmoja mwenye viatu vyeupe vya kazi, vilivyozeeka bila kuchafuka, na mkoba alioushika kwa mikono miwili.

"Habari za asubuhi, naweza kukusaidia?" alisema yule mama.

Ilikuwa sauti nyororo, iliyonyooka, sauti ya kumfanya mtu akae vizuri kwenye kiti. Mwenye duka aliweka mkasi chini.

"Mama, mteja ni wewe. Wa kusaidia ni mimi."

"Nisamehe, mwanangu. Mazoea ya kazi. Nilikuwa opereta wa simu hapo hospitali mpaka nilipostaafu. Watu bado wananiita Mama Opereta." Akasogea karibu na kushusha sauti, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ndani. "Sanduku langu la barua pepe limejaa. Barua taka. Limeniandikia kwamba halipokei tena kitu. Nataka mtu wa kunipunguzia."

"Sisi tunatoa nakala, mama. Kazi yetu ni kuongeza karatasi. Kupunguza hatujui."

Nailoni alikuwa amekwisha simama. Alivuta kiti, akakipangusa kwa leso ingawa hakikuwa na vumbi, na kusema, "Mama, umefika. Hiyo ndiyo kazi yangu hasa."

Mkasi wa mwenye duka ulikata sikio la mtu kwenye picha.

Walifungua sanduku pamoja. Nailoni alisoma vichwa vya barua kama seremala anavyotazama viti vya seremala mwingine. Hongera, umeshinda. Mpendwa uliyeteuliwa. Mjane wa jenerali ana dhahabu. Benki yako inakuhitaji sasa hivi. Dawa ya kuotesha nywele mahali popote. Huyu wa dhahabu ameharakisha, alijisemea moyoni. Mjane hatoi dhahabu kwenye mstari wa kwanza, kwanza lazima alie. Huyu wa benki angalau amejitahidi. Alishuka chini, akashuka tena, na zile barua hazikuonyesha dalili ya kuisha.

"Mama, kwa nini usiiache hii anwani ukafungua nyingine mpya?"

"Siwezi." Mama Opereta alikunja mikono juu ya mkoba. "Nina mdogo wangu, tumbo moja. Tulimzika mama yetu, na jioni ile ile tukagombana kwa ajili ya cherehani yake. Mimi niliitaka, yeye aliitaka. Na hakuna kati yetu anayejua kushona."

"Akaichukua?"

"Akaondoka bila kuaga, akaenda kufanya kazi mbali. Cherehani ninayo mimi. Iko chumbani, inaniangalia." Akaukumbatia mkoba. "Tangu hapo nimehama nyumba, na simu nimebadilisha. Kitu changu pekee anachokijua ni anwani hii. Nimemwandikia, hajajibu. Lakini siku akijibu atajibu hapa. Sasa fikiria sanduku limejaa. Anaandika, barua inarudishwa mlangoni. Atasema, dada yangu amenifungia."

Nailoni aliguswa. Aliguswa pale ambapo habari kama hizi humgusa siku zote, yaani mfukoni. Kwa sababu alikuwa amefungua orodha ya anwani zilizohifadhiwa, na orodha ile ilikuwa ndefu kama foleni ya kliniki.

Hapa inafaa tumwelewe. Barua ya tapeli haifiki mbali kwa sababu hakuna anayemjua aliyeituma. Lakini anwani iliyotumiwa miaka yote hiyo na mama mwenye sauti kama ile ni mgeni anayejulikana. Ikibisha hodi, watu wanafungua mlango huku wanasema karibu. Nailoni hakutaka senti ya Mama Opereta. Alitaka jina lake tu, alitumie kidogo, alirudishe.

"Watu wote hawa unawafahamu, mama?"

"Wote waliniandikia, nami nikawajibu. Swichibodi yetu, ile mitambo ya kuunganishia simu, ilikuwa na kanuni moja: simu haiachwi ikalia. Mtu hapigi hospitali kwa mchezo. Basi na barua ni vivyo hivyo. Aliyekusalimu unamwachaje?"

Hapo ndipo Nailoni alipopaswa kuuliza swali moja zaidi. Hakuuliza. Aliwaona akilini wagonjwa waliopona, wake zao, madaktari, wauguzi, wote wakiwa na simu mkononi na machozi machoni.

"Nitalisafisha lote, mama. Bure."

"Bure?"

"Bure?" alirudia mwenye duka kutoka upande wa pili, kwa sauti ya mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi.

"Kuna kazi mtu anafanya kwa ajili ya moyo wake," alisema Nailoni. "Nitahitaji tu neno lako la siri."

"Ni refu kidogo, maana ni sala. Niliwaza, kama mtu ataingia humu bila ruhusa, basi aingie akiwa ameombewa. Andika: Mungu mrehemu anayesoma barua zangu. Bila nafasi katikati."

Nailoni alimtazama. Usoni mwake hapakuwa na kitu ila wema. Akaandika.

"Mungu akulipe, mwanangu."

"Amina," alisema Nailoni, na kwa kuwa hakuna aliyetaja kiasi wala siku ya malipo, hakuwa na wasiwasi.

Lakini mpango ulikuwa na kona moja. Sanduku lililojaa halipokei majibu, na wizi wa aina hii bila majibu ni kupiga kelele kisimani. Kwa hiyo kabla ya kumwibia mtu yeyote, Nailoni ilimbidi asafishe kweli. Alifuta barua mpaka kidole kikafa ganzi. Alipofuta za asubuhi, za mchana zilikuwa zimekwisha ingia kukalia nafasi. Ikabidi ajifunze kutengeneza vichujio: cha dhahabu, cha bahati nasibu, cha nywele, cha wajane. Alikuja mapema na kuondoka wakati mwenye duka anafunga. Kila alipoketi aliandika ile sala, na kwa kuwa ilikuwa ndefu, aliinong'ona ili asikosee.

"Umeanza kusali?" aliuliza mwenye duka.

"Nachapa."

"Unachapa nini?"

Nailoni alifikiri. "Sala."

"Na jasho hilo?"

"Maandalizi, kaka."

"Tangu nikujue sijakuona ukitoka jasho. Nenda ukapimwe, hospitali iko hapo nyuma."

Hatimaye sanduku likawa jeupe. Nailoni alilitazama kwa fahari ambayo hakuitegemea, kisha akakumbuka alichokuja kufanya. Akaandika barua fupi, kwa sababu mgonjwa haandiki ndefu: *Wapendwa wangu, nimelazwa ghafla na simu yangu imeibiwa. Ninayemwamini ni kijana anayeniuguza. Namba yake ni hii hapa. Kwa chochote mtakachojaliwa, mtumieni yeye. Ni mimi, Mama Opereta.* Akachagua wote waliomo kwenye orodha. Akabonyeza. Akaagiza chai na kuiweka simu mbele yake, kama mtu anayesubiri chakula kiive.

Simu ililia kabla chai haijapoa.

"Haloo," ilisema sauti ya mwanamume, nzito na yenye huzuni. "Naongea na kijana anayemuuguza mama yetu?"

"Ndiye mimi. Hali si nzuri, kaka."

"Nimelia sana. Mimi ni mwana wa mfalme, niko uhamishoni. Baba aliniachia mali nyingi, nami nataka sehemu imfikie mama. Kuna ada kidogo tu ya kufungulia..."

Nailoni alikata. Bahati mbaya, alijisemea. Tapeli mmoja hakosekani kwenye orodha yoyote.

Simu ikalia tena.

"Mimi ni mjane wa jenerali," ilisema sauti ya besi.

"Mjane?"

"Nina mafua."

Akakata. Ikalia. Wakili wa marehemu asiye na mrithi. Ikalia. Idara ya bahati nasibu. Ikalia. Mtu wa nywele, ambaye alitaka kujua kama mgonjwa bado anazo. Kila mmoja alimuulizia Mama Opereta kwa upendo, kila mmoja alijua anaumwa magoti, na kila mmoja alihitaji ada kidogo. Nailoni alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia kwa sauti za watu wengine, na mengine yalikuwa yamesemwa vizuri kuliko alivyowahi kuyasema yeye. Jambo hilo lilimuumiza zaidi ya yote.

Katikati ya fujo hiyo alipiga mwanamke mmoja aliyekuwa akilia kweli kweli.

"Yuko wodi gani?"

"Na wewe ada yako ni ya nini, dada?" aliuliza Nailoni kwa uchovu.

"Ada gani? Nauliza dada yangu yuko wodi gani! Ninakuja!"

"Njoo, njoo. Wodi ya fotokopi, nyuma ya hospitali kuu. Kuna picha ya kuku kwenye kibao cha jirani, huwezi kupotea. Ukifika uje na dhahabu."

Akakata, akafuta paji la uso.

Kisha akapiga mtu aliyejiita Meneja.

Meneja hakulia. Hakumwita mtu mpendwa. Alikohoa kama mtu wa ofisini na kutaja jina kamili la mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa simu. Alijua Mama Opereta alikaa kwenye kiti cha dirishani, alijua mwaka aliostaafu, alijua swichibodi ilivyobadilishwa akiwa kazini. Kulikuwa na malimbikizo yake, alisema, yaliyokwama miaka. Kwa kuwa mwenyewe amelazwa, yangeweza kulipwa kwa mwangalizi wake. Kuna gharama ya kuhamisha jalada kutoka tawi moja hadi lingine, basi.

Nailoni alijua kila njia ya mchezo huo. Nyingine alizichimba mwenyewe. Lakini tapeli hubahatisha, na huyu hakubahatisha kitu. Tapeli angejuaje kiti cha dirishani?

"Na nikishatuma?"

"Nitakupigia kwenye namba hii hii, bwana. Usiibadilishe."

Nailoni alituma akiba yake yote. Haikutosha, akauza saa yake kwa mwenye duka, ambaye aliinunua kwa bei ya kumsikitikia mwenye saa. Akatuma na hiyo.

Meneja hakupiga siku ile. Hakupiga kesho yake. Wengine wote walipiga.

Mama Opereta alikuja akiwa na viatu vyake vyeupe, akaketi mbele ya kompyuta, mgongo ukiuelekea mlango. Alipoona sanduku jeupe alifumba macho na midomo yake ikatembea kidogo bila sauti.

"Umenifanyia kazi kubwa, mwanangu. Sasa mdogo wangu akiandika ataingia." Akatazama tena. "Lakini mbona kimya hivi? Mwana wa mfalme hajaandika?"

Chai ilimpalia Nailoni. "Mwana wa mfalme unamjua?"

"Tunaandikiana siku nyingi. Kijana ana matatizo."

"Mama. Zile barua taka. Ulikuwa unazijibu?"

"Si nilikwambia? Aliyekusalimu unamwachaje? Nawajibu, nawaombea, na inapowezekana nawaunganisha. Ndiyo kazi niliyosomea. Yule mjane alikuwa anatafuta mtu wa benki. Mtu wa benki alikuwa anatafuta mtu mwenye dhahabu. Kila mmoja ananililia mimi, kumbe dawa iko kwa mwenzake! Nikawaunganisha."

"Wakasemaje?"

"Walinyamaza wote wawili kwa muda mrefu. Nadhani waliridhika."

Upande wa pili, mwenye duka alikuwa amegeuka kutazama ukuta, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Na habari zako," alisema Nailoni polepole. "Kazi yako. Pensheni. Kiti cha dirishani."

"Niliwaeleza, ndiyo. Mtu lazima ajue anaongea na nani. Kuna mmoja aliniuliza kwa upole sana, mwaka hadi mwaka. Ana kikohozi kidogo cha ofisini. Alinipigia mara moja. Nikamwambia, mwanangu, kikohozi hicho unakitunga."

Shati la Nailoni, kwa mara ya kwanza tangu linunuliwe, lilijikunja.

Wakati huo huo mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye begi la safari akaingia, uso umevimba kwa machozi na usingizi wa njiani. Mgongo alioukuta kwenye kompyuta hakuutazama. Alimwendea mwenye duka.

"Samahani, kaka. Nimetoka hospitali, wamenitafutia kila wodi, mgonjwa wangu hayupo. Lakini huyo anayemuuguza alinielekeza hapa. Ngoja nimpigie."

Akabonyeza simu yake. Ndani ya mfuko wa suruali ya Nailoni simu ikalia. Iliendelea kulia. Mwenye duka alimtazama Nailoni. Nailoni aliitazama feni.

Mama Opereta hakuwa amegeuka. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, imekakamaa. Opereta anaweza kusahau uso, lakini sauti hasahau.

"Mdogo wangu," alisema, bado akiielekea kompyuta. "Sauti yako imekauka. Hujanywa maji tangu lini?"

Begi lilianguka.

"Wewe si umelazwa?"

"Mimi? Naumwa magoti tu."

"Uliniandikia umelazwa!" Alikuwa amemfikia na kumshika mabega kama anayepima nguo. "Nimeacha kazi, nimekopa tiketi, njia nzima namwomba Mungu nikukute hai, nawe umekaa hapa unachezea kompyuta!"

"Mbona hukujibu barua zangu miaka yote?"

"Nilikuwa na hasira! Zilipoisha nikajibu. Barua ikarudi, sanduku limejaa. Nikasema basi, dada amenifungia."

Mama Opereta aliinuka. Walitazamana, na hakuna aliyejua mikono aiweke wapi.

"Cherehani ipo?" aliuliza mdogo mtu.

"Ipo."

"Umejifunza kushona?"

"Bado."

"Hata mimi."

Hapo wakakumbatiana, na kwa muda hapakuwa na la kusikiliza pale dukani ila mashine ya fotokopi ikitoa nakala ya cheti cha mtu.

"Niite polisi?" aliuliza mwenye duka, alipoona inafaa.

"Ngoja kwanza." Mama Opereta alifuta macho, akasoma barua iliyotumwa kwa jina lake, neno kwa neno. Kisha akamgeukia Nailoni. Uso wake ulikuwa na wema ule ule wa siku ya kwanza, na sasa Nailoni aliuogopa.

"Neno la siri uliliandika kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Basi umeombewa kila siku, na aliyeomba ni wewe mwenyewe. Nilimwomba Mungu mdogo wangu arudi, nikamwelekeza na njia ya kupitia. Naona alichagua nyingine." Akaketi tena. "Polisi wa nini? Ila hawa watu wangu siwezi kuwaacha hewani. Walisikia naumwa, watahangaika."

Akaanza kuandika kwa vidole vyote, haraka, kama mtu aliyerudi kwenye swichibodi yake. Nailoni alisoma juu ya bega lake: *Wapendwa, nimepona na mdogo wangu amerudi. Kuanzia leo barua nitaandikiana naye tu. Kwa mambo yote ya urithi, dhahabu, bahati nasibu na nywele, nimewaunganisha na katibu wangu. Namba yake mnayo. Hachoki. Muwaambie na wenzenu.*

Akabonyeza.

"Cherehani tutakupa," aliongeza mdogo mtu akiokota begi lake, naye hakuwa na wema wowote usoni. "Ukajifunze kazi."

Walitoka wakiwa wameshikana mikono, wakibishana nani abebe begi.

Mwenye duka alichukua kalamu nene, akakiendea kibao cha MSHAURI na kuongeza maneno mawili: WA KUSAFISHA. Akarudi kwenye picha zake. Simu ya Nailoni ikaanza kulia.

"Si uitoe hiyo laini uitupe?" alisema mwenye duka. "Dakika moja tu, shida imekwisha."

Nailoni aliishika simu kwa mikono miwili, kama mama yule alivyoshika mkoba.

"Siwezi. Meneja alisema atapiga kwenye namba hii."

"Meneja ni tapeli, bwana. Umesikia kwa masikio yako."

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Aliongea vizuri sana, kaka."

Simu ililia, ikalia tena. Nailoni alinyoosha shati, akakaa vizuri kwenye kiti, na kuipokea.

"Habari za mchana," alisema. "Naweza kukusaidia?"

Alikuwa mtu wa nywele.